Bahari mmeiuliza, na ziwa je?

Mhariri, mmeuliza kama marufuku ya mifuko ya plastiki imeisaidia bahari yetu. Bahari waijibie wa Tanga na Kilwa. Mimi ni wa Ilemela, Mwanza, najibu la Ziwa Victoria, maana taka za plastiki majini zikitajwa, tunaonyeshwa kasa, kana kwamba sangara hali plastiki. Utafiti uliochapishwa 2016 ulichukua sangara na sato wa sokoni hapahapa Mwanza. Katika kila aina, mmoja kati ya watano alithibitika kuwa na plastiki tumboni.

Basi kwa haraka ningejibu hapana, haijasaidia. Rambo, yaani hiyo mifuko, zilikatazwa Juni 1, 2019, lakini karanga na barafu bado tunafungiwa kwenye vile vifungashio laini, na chupa za maji ziko palepale.

Vuli moja, kabla ya marufuku, wifi yangu alikuwa ameanika dagaa mchangani Igombe. Usiku ikanyesha, mitaro ikashusha taka ziwani, na mawimbi yakazirudisha ufukweni. Asubuhi tukakuta rambo nyeusi zimelala juu ya dagaa. Ukiinua moja, imeshachakaa kwa jua, inakatikia mkononi na vipande vinabaki katikati ya samaki. Tukakaa chini kuchambua, watoto nao wakaitwa. Dagaa mbichi hangoji: ukichelewa ananuka, na jua likiwaka anakauka na kipande kimemgandia. Wifi alikuwa anadaiwa na mwenye mtumbwi. Dalali alipokuja kutoka soko la samaki la Mwaloni alichota kiganja kimoja, akapekua, akatoa kipande cheusi, akakiweka juu ya gunia. Akataja bei ya dagaa wa chakula cha kuku.

"Kaka, hawa si wa kuku, ni mvua tu."

"Najua, mama. Lakini mteja wangu wa Kongo akikuta hiki, gunia zima linarudi."

Wifi akauza kwa bei hiyohiyo. Bado inaniuma.

Sasa, wifi bado anaanika Igombe. Mvua ikinyesha anaokota chupa, vizibo na vipande vya nyavu za plastiki, lakini vile vipande vyeusi vya rambo ni nadra. Chupa unaiokota nzima, na wapo vijana wanaoinunua kwa kilo. Kwa hiyo marufuku imesaidia, angalau pale ilipogusa, na anayetaka ilegezwe nitampinga.

Ila sisemi imeliokoa ziwa. Katika matumbo ya wale samaki kulikuwa na plastiki za aina ya mifuko na vifungashio, lakini pia poliesta (ya nguo) na poliuretani (ya sponji za magodoro), ambazo sheria ya mifuko haizigusi. Mkataba wa dunia wa plastiki nao, duru ya mazungumzo ya Geneva, Agosti 2025, iliisha bila makubaliano, hivyo tusiusubiri. Samaki wale walinunuliwa kabla ya 2019. Serikali iwalipe watafiti wetu warudi sokoni, wapasue sangara na sato kwa njia ileile, ndipo swali lenu litajibika kwa upande wa ziwa.