Mashine ya nyumbani inasema 3.4, maabara 2.8: nifuate ipi?

Swali: Natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na daktari anataka INR yangu (namba inayoonyesha damu inachukua muda gani kuganda) ibaki kati ya 2.0 na 3.0. Leo asubuhi mashine ya nyumbani ilinipa 3.4. Saa mbili baadaye maabara ikanipa 2.8. Je, mashine yangu imeharibika?

Jibu: Tofauti hiyo haitoshi kuihukumu mashine, ndugu yangu. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 17593 cha mwaka 2007, kilitaka angalau majibu 90 kati ya 100 ya mashine yasipishane na ya maabara kwa zaidi ya asilimia 30, pale INR inapokuwa kati ya 2.0 na 4.5. Asilimia 30 ya 2.8 ni 0.84, wewe umepishana kwa 0.6. Kinachokusumbua ni kwamba mpaka wako wa 3.0 umeangukia katikati ya namba hizo mbili. Usipunguze dozi kwa uamuzi wako. Peleka kliniki majibu yote mawili.

Mashine hupima damu nzima ya kidole, maabara hupima plazma (majimaji ya damu yasiyo na seli) ya mshipa, na kila upande una thromboplastini yake, yaani kemikali ya kuanzisha kuganda. INR inapopanda, pengo hupanuka, na mashine nyingi husoma juu kuliko maabara. Ikikuonyesha 5 au zaidi, omba kipimo cha mshipa siku hiyohiyo. Ukiwa unatoka damu, nenda hospitali mara moja, usisubiri kulinganisha.

Makosa mengi huanzia kwenye kidole. Nawa kwa maji ya uvuguvugu, kausha kabisa, ning'iniza mkono chini, kisha toboa pembeni mwa ncha ya kidole. Tone la kwanza liguse stripu (kipande cha kupimia kinachoingizwa kwenye mashine) ndani ya sekunde 15. Ukikamua kidole kwa nguvu, majimaji ya tishu huchanganyika na damu, nayo yana kitu kinachoanzisha kuganda kabla mashine haijaanza kuhesabu. Tone likiwa dogo, usiongeze la pili juu yake: chukua stripu mpya na kidole kingine.

Maabara nayo hukosea. Tyubu yenye kifuniko cha buluu hafifu ina sitrati, kemikali ya kuzuia damu isigande, iliyopimwa kwa sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitrati. Ikijazwa nusu, sitrati huzidi na INR hutoka juu isivyo kweli. Hili ni jambo la kulitazama kwa macho yako wakati unatolewa damu.

Ukilinganisha tena, vipimo vyote viwili vifanyike ndani ya saa chache, bila dozi mpya katikati, na uandike namba ya toleo la stripu. Mashine ikisoma juu mara moja na chini mara nyingine, chunguza namna unavyopima. Ikiwa kila mara inazidi kwa kiasi kilekile, kliniki inaweza kulizingatia hilo inapokupangia dozi.

Ila ukiwa na kingamwili za antifosfolipidi (kingamwili za mwili wenyewe zinazoweza kuvuruga vipimo vya kuganda), au upungufu mkubwa wa damu, mwambie daktari kabla ya kuiamini mashine: hali hizo zinaweza kupotosha jibu hata ukipima bila kosa.