Maswali na Majibu: Mfumo wa Kampuni na Msimu wa Korosho

Mwezi huu safu inajibu barua za wasomaji wa Mtwara na Lindi wanaofanya kazi na kampuni za kimataifa za bidhaa za nyumbani: sabuni, mafuta ya kula, dawa ya meno, vinywaji. Wote wanauliza jambo linalofanana: mfumo wa kompyuta wa kampuni unamtumikia nani?

Wataalamu, habari za kazi. Mimi ni wakala wa sabuni na mafuta ya kula hapa Masasi. Kampuni, ambayo makao makuu yake yako Ulaya, imewapa vijana wangu wa mauzo vishikwambi na inataka kila duka wanaloliuzia liingizwe humo. Mzigo nimeshaulipia, ni mali yangu. Wanataka kujua nimemuuzia nani ili iweje? Kesho hawataniruka waende madukani wenyewe?
*Wakala, Masasi*

Ndugu wakala, kwa miaka mingi kampuni hizi zilihesabu mauzo pale lori lilipotoka ghalani Dar es Salaam. Ukilipia katoni 500, kwao zimeuzwa, hata kama 300 zimelala stoo kwako miezi miwili. Tatizo ni kwamba oda ya wakala haifanani na matumizi ya nyumbani. Procter & Gamble waliliona hilo kwenye nepi za Pampers. Watoto hutumia nepi kwa kiwango kile kile wiki hadi wiki, na mauzo ya madukani yalipanda na kushuka kidogo tu, lakini oda za wasambazaji kwenda kiwandani zilikuwa zikiyumba vibaya. Kila mmoja njiani anaongeza kidogo kwa kuogopa kuishiwa, au anajaza stoo kwa sababu kuna ofa. Kiwanda kinabaki kinazalisha kwa kufuata hofu za watu.

Sasa kampuni ikiamua kwamba mkakati wake ni kupatikana kila duka, mpaka Lukuledi na Nanganga, hesabu ya lori haiwezi kuiambia kama inafanikiwa. Inataka kujua maduka mangapi yamenunua wiki hii na kila moja limechukua aina ngapi za bidhaa. Hiyo ndiyo kazi ya kishikwambi. Kama kampuni yako haina mkakati huo na imeleta vishikwambi kwa sababu tu nchi nyingine wanavyo, utaitambua haraka: wataendelea kukudai ujaze stoo tarehe 28 ili msimamizi afikishe lengo la mwezi. Mfumo unaopima mauzo ya dukani na posho inayolipwa kwa mzigo ulioingia stoo kwako haviwezi kukaa nyumba moja. Waulize wazi posho ya msimamizi wako inahesabiwa kwa kipi. Jibu la swali hilo litakueleza mengi kuliko semina nzima.

Hofu yako ya kurukwa si ya bure. Kabla ya kuingiza duka la kwanza, omba kiambatisho cha mkataba kinachoeleza orodha ya wateja itatumika kwa kazi ipi, nani mwingine ataiona (hasa wakala wa jirani), na itakuwaje uwakala ukikoma. Omba pia upewe taarifa hizo nawe, kila wiki, kwa kila njia ya usambazaji. Wakala anayetoa taarifa bila kurudishiwa chochote anafanya kazi ya ukarani isiyolipwa.

Halafu kuna jambo dogo linaloharibu mifumo hii kuliko jingine lolote: kipimo. Chukulia katoni ya vifuko vya sabuni ya unga ina vifuko 120, na duka linataka nusu. Kijana anaandika 60. Kama sehemu ya kipimo imebaki kwenye “katoni”, mfumo umerekodi katoni 60, yaani vifuko 7,200. Stoo inasoma hasi, mhasibu anasahihisha kwa mkono, na baada ya wiki tatu hakuna anayejua ukweli. Mbaya zaidi, mpangaji wa Dar es Salaam ameshaona Masasi inalipuka kwa mauzo na amekupangia mzigo wa ziada. Dai mambo mawili: mfumo ugome kupokea kiasi kinachozidi kikomo cha duka la aina hiyo mpaka msimamizi athibitishe, na kipimo kionekane kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa mwisho kabla ya kutuma. Nawe kila Jumamosi jioni hesabu kwa mkono bidhaa 10 zinazotoka zaidi ulinganishe na mfumo.

Nasimamia mauzo ya kampuni ya kimataifa, Mtwara Mjini. Kila mwaka Novemba tunaishiwa sabuni na mafuta, halafu Februari na Machi tunaletewa mzigo mpaka tunakosa pa kuuweka. Dar wananiambia “mfumo ndio uliokokotoa”. Kosa liko wapi?
*Msimamizi wa mauzo, Mtwara*

Kwa dalili hizo, karibu hakika mfumo wenu unakadiria mwezi ujao kwa wastani wa miezi mitatu iliyopita. Dar es Salaam hesabu hiyo inavumilika, lakini mahali ambapo fedha huja na korosho inakosea mara mbili kwa mwaka.

Tufanye hesabu. Tuseme mwezi wa kawaida mnauza katoni 1,200 za sabuni ya mche. Gawanya mauzo ya kila mwezi kwa wastani wa miezi 12, upate kizio cha msimu. Chukulia Agosti ni 0.7, Septemba 0.8, Oktoba 1.2, Novemba 1.7, Desemba 1.5, Januari 1.2, Februari 0.9. Kwa Novemba, mfumo unatazama Agosti hadi Oktoba, unapata wastani wa 0.9 na kuleta katoni 1,080, wakati mnahitaji 2,040. Kwa Februari unatazama Novemba hadi Januari, unapata karibu 1.47 na kuleta 1,760, wakati zitatoka 1,080. Ndiyo njaa yenu ya Novemba na shibe yenu ya Februari, na hakuna aliyekosea kubonyeza.

Dawa ni kutumia vizio vya msimu vya mkoa wenyewe, kwa data ya miaka mitatu ikiwezekana. Hapa kuna mtego: Novemba zilizopita mliishiwa, kwa hiyo mauzo yaliyorekodiwa ni madogo kuliko mahitaji. Mkiyatumia hivyo hivyo, mfumo unajifunza upungufu wenu na kuurudia. Kama ghala lilikuwa tupu siku 10 kati ya 30 na mkauza katoni 1,200, hizo ziliuzwa kwa siku 20, yaani 60 kwa siku. Mwezi kamili ungetoa 1,800. Sahihisha kila mwezi wa namna hiyo kabla ya kukokotoa kizio.

Njia nayo ihesabiwe. Kati ya Dar es Salaam na Mtwara ni kama kilomita 560. Tuseme tangu oda mpaka mzigo ushuke ni siku 4 wakati wa kiangazi na 10 mvua zikichachamaa. Kwa mauzo ya katoni 40 kwa siku na akiba ya siku 3, mfumo huagiza stoo ikifika katoni 280. Novemba mnauza 68 kwa siku: hizo 280 zinakwisha siku ile ile lori linapofika, na likichelewa siku moja mmeumia. Aprili mnauza pengine 32 tu kwa siku, na 280 zinatosha karibu siku 9, lakini lori linachukua 10. Namba moja ya mwaka mzima inawaangusha Novemba kwa sababu ya wateja na Aprili kwa sababu ya barabara. Mnahitaji kama 476 Novemba na 416 Aprili. Wanaoona ni kutia chumvi wakumbuke Mei 2024, kimbunga Hidaya na mafuriko, barabara ilipokatika wilayani Kilwa.

Msitegemee kalenda peke yake. Minada ya TANECU na MAMCU, vyama vikuu vya ushirika vya wakulima wa korosho, hutangazwa, bei na tani hujulikana, na fedha hupitia AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika) hadi akaunti za wakulima. Tarehe ya malipo ndiyo inayofungua duka, si tarehe ya mnada. Msimu wa 2018/19 Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo ya wakulima wengi yalichelewa hadi 2019. Mtu aliyejaza ghala kwa kuangalia jina la mwezi alikaa na mzigo.

Angalieni pia ukubwa wa pakiti. Fedha ikiwepo watu hununua dumu la mafuta la lita 5 au 20. Ikikata wanarudi kwenye mafuta ya kupima na vifuko. Makadirio ya “mafuta, tani kadhaa” yanaweza kuwa sahihi huku rafu ikiwa na pakiti zisizotakiwa.

Na sasa kuhusu “mfumo ndio uliokokotoa”. Andika uamuzi wenyewe kwenye karatasi: katoni ngapi, za pakiti ipi, zipakiwe kuja Mtwara wiki ijayo. Nani anaamua? Mpangaji wa Dar. Siku gani? Tuseme Alhamisi saa nne asubuhi. Basi taarifa yako ya minada na barabara lazima iwe na kisanduku chake ndani ya mfumo, kijazwe na wewe kabla ya Jumatano jioni, na mpangaji akikataa badiliko lako aandike sababu. Baada ya miezi sita linganisheni makadirio ya mfumo, yako na mauzo halisi. Asiyekosea sana ndiye asikilizwe zaidi.

Mimi ni afisa TEHAMA, Lindi. Makao makuu wanataka nchi zote zihamie kwenye mfumo mmoja wa SAP (programu ya kuendesha shughuli za kampuni) bila kubadilisha chochote. Huku tuna EFD (mashine za risiti za kodi), malipo ya simu na vijana wa ghala wanaotumia Kiswahili. Nikieleza, naambiwa natetea mazoea. Isitoshe wanataka tuhame Oktoba.
*Afisa TEHAMA, Lindi*

Anza kwa kukubali kwamba wana hoja. Nestlé ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 iligundua inalipa bei 29 tofauti kwa vanila ile ile kutoka kwa muuzaji yule yule, kwa sababu kila kiwanda kiliiita vanila kwa msimbo wake. Hakuna mtu angeweza kujadiliana bei na muuzaji huyo kwa niaba ya kampuni nzima. Kwa hiyo misimbo ya bidhaa, ya wauzaji na ya hesabu iache iwe ya dunia nzima. Usipigane hapo.

Pigania kinachoguswa na sheria au na mteja. Risiti ya EFD lazima itoke wakati wa mauzo, kwa hiyo ankara ya SAP iunganishwe na kifaa cha kodi. Kiwango cha VAT, asilimia 18 kwa kawaida Tanzania Bara, kikae kwenye jedwali linalobadilishwa kwa tarehe, maana Sheria ya Fedha huanza kazi Julai 1 kila mwaka. Namba ya muamala wa simu ihifadhiwe pamoja na ankara, la sivyo mhasibu atalinganisha kwa macho kila jioni. Taarifa za watu zikitoka nje ya nchi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 1, 2023, ina masharti yake. Na kishikwambi kiweze kuuza bila mtandao na kutuma baadaye: Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika, intaneti ilizorota nchi nzima. Maneno ya Kiswahili kwenye skrini ya ghala hayabadilishi msimbo wowote, kwa hiyo yaombe bila woga.

Kila ombi liwe mstari mmoja: sheria au uamuzi gani utakwama, mara ngapi kwa siku, kwa gharama gani kwa shilingi. Ombi lisilo na sheria wala mteja nyuma yake liache. Hapo ndipo watakapoacha kusema unatetea mazoea.

Oktoba ikatae kabisa. Mwaka 1999 Hershey, watengenezaji chokoleti wa Marekani, waliubana mradi wa takriban dola milioni 112 uishe kwa miezi 30 badala ya miaka minne, wakawasha mfumo Julai, oda za Halloween (sikukuu ya Oktoba 31 ambapo watoto hugawiwa peremende) zikiwa mlangoni. Chokoleti ilikuwepo, mfumo ulishindwa kuipeleka. Oda za kama dola milioni 100 hazikufika madukani, na faida ya robo ya tatu ikashuka kwa asilimia 19. Oktoba ya kusini ndiyo Halloween yenu. Kwa Mtwara pendekeza katikati ya Julai hadi mwisho wa Agosti: barabara imekauka, mabadiliko ya kodi yamekaa sawa, korosho haijaanza. Kwa Lindi subiri Agosti, fedha ya ufuta iwe imepungua.

Anza na wakala mmoja kwa wiki nne, ukilinganisha kila jioni vitu vitatu: stoo, madeni, na ripoti ya Z ya EFD (jumla ya mauzo ya siku) dhidi ya mauzo ya mfumo. Ripoti ya Z na mfumo vikitofautiana hata siku moja, tafuta sababu kesho yake asubuhi. Tofauti ya stoo ikizidi asilimia 2 kwa wiki mbili mfululizo, wakala wa pili asubiri.

Shikamooni. Nina duka Newala. Kijana wa mauzo anasema mwakani nitaagiza kwa simu mwenyewe, yeye hatapita. Simu yangu ni ya kitochi. Nitaachwa?
*Mama mwenye duka, Newala*

Marahaba, mama. Mwambie msimamizi wake akupe njia ya kuagiza kwa kupiga au kwa ujumbe mfupi, na akutajie siku ya gari kupita. Kampuni inayosema inataka kufika kila duka haina sababu ya kukunyima hilo. Ukiagiza taja kila mara jina la bidhaa, ukubwa wa pakiti, na kama ni katoni, dazeni au kimoja kimoja. Mzigo ukifika, hesabu kabla gari halijaondoka na udai risiti ya EFD inayolingana na ulichopokea.