Kazi za Chini Nilizipandisha Juu

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni badiliko gani katika maisha ya kila siku lililokusaidia kuishi na maumivu ya viungo?" Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Tanga, nina umri wa miaka 64, na huu ni mwaka wa sita tangu daktari aniambie kwamba goti langu la kulia limesagika. Jibu langu ni kwamba niliacha kulilaza goti, nikazipandisha juu kazi ambazo tangu utotoni nilizoea kuzifanya chini.

Mwanzoni nilifanya kama wafanyavyo wengi. Nilikaa kitako kutwa nzima nikiamini kwamba ninalipumzisha goti, majirani wakanishauri maji ya bamia na supu ya makongoro ili ute wa goti urudi, na muuza dawa mmoja akanipa vidonge vya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ambavyo nilivimeza kila siku kwa miezi minne bila kupimwa na mtu yeyote, mpaka tumbo likaanza kuwaka moto na shinikizo la damu likapanda. Bamia ni mboga nzuri nami ninaipika hadi leo, lakini ute wake humeng'enywa tumboni kama chakula kingine chochote, wala hauna njia ya kufika gotini. Ama vidonge vya aina ile, vikitumiwa muda mrefu bila uangalizi wa daktari, huweza kusababisha vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Ninaumia moyo kila ninapomwona mtu wa rika langu akivinunua kwa mazoea, kama anunuavyo chumvi.

Aliyenifumbua macho ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Alinieleza kwamba gegedu, yaani lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Chakula chake hulipata katika ute wa goti, na ute huo huingia na kutoka kama maji katika sifongo pale goti linapobanwa na kuachiwa, kama wakati wa kutembea. Goti linalolazwa kutwa hukosa chakula hicho, na misuli ya paja inayolisaidia kubeba mwili hunywea. Kuchuchumaa nako hulikandamiza goti kuliko linavyoweza kustahimili likishasagika. Kwa hiyo nilitakiwa kutembea zaidi na kuchuchumaa kidogo kadiri iwezekanavyo, na hapo ndipo nilipoitazama nyumba yangu upya.

Msomaji wa pwani anaijua mbuzi ya kukunia nazi. Nilikuwa nikiikalia kila asubuhi, magoti yamekunjwa karibu na kifua na sinia imewekwa chini ya jino la mbuzi, na maumivu makubwa hayakuwa katika kukuna bali katika kuinuka, kwani nililazimika kushika ukuta kwa mikono miwili na kumwita mjukuu anivute. Nilimwomba seremala anitengenezee mbuzi yenye miguu mirefu, kimo chake sawa na kiti cha kulia chakula, na sinia sasa hukaa juu ya stuli. Jiko la mkaa tulilijengea jukwaa la matofali linalofika kiunoni. Fagio la chelewa nililifunga kwenye mpini mrefu, na beseni la kufulia likahamia mezani. Chooni, fundi wa kuchomelea alifunga bomba la chuma ukutani la kushikilia, na juu ya tundu tukaweka kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati. Ndoo ya lita 20 siinyanyui tena. Ninachota maji kwa vidumu viwili vya lita 5, kimoja kila mkono, hata kama ni kwa safari nyingi.

Ya nyumbani yalikuwa mepesi. Lililonishinda kwa muda mrefu ni mkeka. Katika maulidi na misiba yetu wanawake hukaa chini, na mtu mzima kuomba kiti mbele ya waliomzidi umri huonekana kama kiburi. Mara mbili nilikaa mkekani kwa haya, na mara zote mbili nilishindwa kulala usiku. Hatimaye nilimweleza bibi mmoja anayeheshimiwa mtaani kwetu, naye akanijibu, "Mwanangu, mgonjwa hana aibu, lete kiti chako ukae karibu nami." Hata swala ninaiswali kitini, na sheikh amenithibitishia kwamba udhuru wangu unakubalika.

Kuhusu uzito, nilielezwa kwamba kila kilo moja anayopunguza mtu hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Nilikuwa na kilo 86, leo nina 79, bila kushinda na njaa: niliacha sukari kwenye chai, vitumbua vikawa vya Ijumaa peke yake, na wali wa usiku ukapisha mchicha na maharage. Kilo hizo saba ni sawa na kulitua goti kilo 28 katika kila hatua, mzigo unaozidi ndoo ya maji iliyojaa. Kila alfajiri ninakaa kitini, ninanyoosha mguu mmoja mbele, ninahesabu hadi kumi kisha ninaushusha polepole. Nilianza na mara tano, sasa ni 15 kila mguu. Maumivu yakiendelea kwa zaidi ya saa mbili baada ya mazoezi, siku inayofuata ninapunguza.

Sharti niseme kwamba si kila maumivu ya viungo ni haya yangu. Anayeamka na vidole vilivyovimba na kukakamaa kwa saa nzima au zaidi huenda ana baridi yabisi, ambayo huhitaji dawa za hospitali mapema kabla viungo havijapinda, na mbuzi ndefu haitamtosha. Mwenye jongo, yaani gauti, naye ana hesabu yake ya kupunguza pombe, nyama nyekundu, maini na dagaa. Kiungo kikivimba ghafla, kikawa cha moto na homa ikapanda, ni cha kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kilichobaki kunisumbua ni ngazi za nyumba ya binti yangu, anayeishi ghorofa ya tatu. Ninaposhika fimbo huwa katika mkono wa kushoto, upande ulio kinyume na goti bovu. Kupanda ninatanguliza mguu wa kushoto ulio mzima, kushuka ninatanguliza wa kulia, na kila ghorofa ninasimama nivute pumzi kabla ya kuendelea.