Pasi ni ya Kenya, hesabu ni ya Uingereza

Ndugu zangu wa Lamu, salamu kutoka Bristol. Juzi binamu yangu alinirushia sauti akiwa barazani Mkomani: "Huu mwaka wa saba uko huko. Kenya ingali inakuhesabu, au ushakuwa wa Wazungu?" Swali lilinikaa moyoni, na nataka kulijibu kweli.

Watu wa takwimu wanapopima pato la nchi hawatazami pasi. Wanatazama maisha yako yako wapi: unapolala, unapofanya kazi, unaponunua unga. Ukikaa mahali mwaka mmoja au zaidi, au ukiwa na nia hiyo, wewe ni mkaazi wa pale. Kwa hiyo basi la abiria ninaloendesha kila alfajiri linakuza pato la Uingereza.

Kilichoniuma ni kujilinganisha na wenzangu wa nyumba moja. Ami yangu ni baharia wa meli ya kigeni. Hupita miezi tisa hajaiona Lamu, lakini mkewe na watoto wako Langoni na hapo ndipo arudipo. Yeye ni mkaazi wa Kenya, na mshahara wake, ingawa hulipwa na tajiri wa ng'ambo, unaingia katika pato la taifa letu, yaani kipato cha wakaazi wa Kenya popote wanapokipata. Mdogo wangu yuko mwaka wa tatu chuoni Malaysia. Naye bado ni wa Kenya, kwani mwanafunzi hahamishwi na masomo. Niliyetoka daftarini ni mimi peke yangu.

Na pesa ninazotuma? Benki Kuu huzitangaza kila mwezi; mwaka 2024 zetu sote tulio nje zilikaribia dola bilioni 5. Lakini zenyewe haziongezi pato la ndani, yaani thamani ya kinachozalishwa ndani ya Kenya, kwa kuwa hakuna kilichozalishwa huko. Zinaongeza kile ambacho nchi inaweza kutumia, basi. Hesabu hubadilika zikimfikia fundi. Mwezi uliopita mama alinitumia picha ya chumba cha juu: boriti zilizooza zimeshatolewa darini, na mikoko mipya imelazwa uani, bado ina magome. Kazi ya fundi yule, na ya mwenye punda aliyeleta mawe, hiyo ni pato la Kenya. Nyumba nayo haihami, hata ikiandikwa jina langu. Ni kama zile za Wazungu pale Shela, kisiwani kwetu: pesa za wageni wanaopanga zinapatikana Shela, faida ndiyo inayovuka bahari.

Kwa hiyo nawaomba msiutazame mshahara wangu kama mali iliyokwisha kufika Lamu. Karatasi ya mwezi huu iko mbele yangu: kodi ya serikali, kodi ya chumba, gesi, umeme, ushuru wa manispaa. Vyote vimeliwa hapahapa. Mnachokiona kwenye simu ni masalio. Nikisema mwezi huu sina, sina, na sijawasahau.

Binamu, nikija Maulidi nikakaa wiki tatu, kwenye hesabu nitakuwa mgeni tu, na nitakachotumia kitaandikwa pamoja na pesa za watalii. Inauma, lakini ndivyo. Nikirudi kuishi, hakuna kungoja mwaka upite: siku nitakayoshuka gatini na mizigo yangu yote, ndiyo siku nitakayohesabiwa tena. Niwekee nafasi barazani.