Maswali ya Uvuvi: Trauti wa bwawa la mlimani wamenishinda

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi mvuvi wa mshipi, nimekulia Mikindani, changu na tewa nimeanza kuwatoa nikiwa darasa la tatu. Mwaka jana mwezi wa nane nilienda kumtembelea dada yangu Scotland, shemeji akanipeleka kwenye bwawa moja la maji ya bomba huko juu milimani tuvue trauti wa kahawia, samaki wa maji ya baridi, kwa ndoana za manyoya, zile zinazofungwa zifanane na mdudu. Siku tatu nimeingia maji mpaka mapajani, nimetupa mpaka bega likauma, sijapata hata mmoja, shemeji kapata wanne na hata viatu havijalowa. Mwaka huu naenda tena, nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kosa umeshaliandika mwenyewe, umeingia maji. Mabwawa yale maji yake yana rangi kama chai ya rangi, chakula haba, na kilichopo kingi kiko pembeni kwenye mawe au kinaangushwa na upepo kutoka kwenye nyasi za mlimani, kwahiyo trauti anazunguka pale pale ukingoni, maji ya magoti, na wewe ukitia mguu tu ndo ushamfukuza. Simama hatua mbili nyuma ya maji, jiinamishe, mtupo wa kwanza uwe mfupi kabisa pembeni mwa ukingo, ndo urefushe taratibu.

Halafu bega. Sisi uzi wetu unabebwa na chubwi, ila ile ndoana ya manyoya haina uzito wowote, uzito uko kwenye kamba yenyewe, ile nene, kwahiyo nguvu hazisaidii. Nyanyua fimbo ya kuvulia mpaka usawa wa sikio, subiri kamba inyooke nyuma yako, hapo pa kusubiri ndo panawashinda wengi, kisha sukuma mbele na usimame ghafla. Ukisikia nyuma yako mlio kama wa mjeledi ujue umeharakisha, kagua uzi, huenda ndoana imeshakatika.

Upepo usiuchukie, wewe mtoto wa kusi na kaskazi unaujua. Trauti anaogelea akiuelekea upepo huku anaokota wadudu juu ya maji, na pale maji tulivu yanapokutana na viwimbi ndo mezani kwake. Mwezi wa nane funga ndoana nyeusi yenye wekundu kidogo, kama Bibio au Zulu, inafanana na nzi mweusi wa mlimani mwenye miguu myekundu. Vuta kwa vidole polepole, na mwisho wa mvuto usiitoe haraka, iache itulie kidogo, wengi wanafuata mpaka miguuni kwako ndo wanauma. Wa robo kilo ni samaki mzuri kule, usimdharau. Msimu ni 15 Machi mpaka 6 Oktoba, na kibali cha mwenye bwawa lazima.

SWALI: Mzee, trauti tunaweza kumpandikiza ziwa Rutamba, au bwawa la kuchimba huku Lindi?

JIBU: Hapana kijana wangu. Trauti anataka maji ya nyuzi joto 10 mpaka 16 hivi, yakipita 20 anahema, yakifika 25 anaanza kufa, kwa sababu maji ya moto hayashiki hewa ya kumtosha. Hapa nchini walipandikizwa enzi za mkoloni kwenye mito ya baridi huko Kilimanjaro na Mbeya. Wewe chimba bwawa lako, weka perege.