Bolti za breki kubwa: ufuate torki ya nani?

Swali: Nimenunua seti ya breki za mbele yenye kalipa (kifaa kinachobana diski) za pistoni nne, breketi (kipande kinachoshikilia kalipa) na diski kubwa kuliko za awali. Karatasi ya seti inasema bolti za breketi zifungwe kwa torki (nguvu ya kuzungusha) ya 85, kitabu cha gari kinasema 107. Zote ni M12 (unene wa milimita 12) na zinaingia tundu lile lile. Nifuate ipi? Na je, nipake grisi kwenye nyuzi zisije zikashika kutu?

Jibu: Anza na kipimo kilichoandikwa kando ya namba. Kama hiyo 85 ni pauni-futi na 107 ni nyutoni-mita, 85 ni sawa na nyutoni-mita 115 (zidisha kwa 1.356), kwa hiyo iko juu ya 107 ya kitabu, si chini yake. Soma hivyo hivyo kwa bolti ndogo zinazoshika diski kwenye kofia yake (sehemu ya katikati), kwa sababu hizo mara nyingi huandikwa kwa pauni-inchi. Pauni-inchi 155 ni nyutoni-mita 17.5 tu. Mtu akiisoma kama pauni-futi atakuwa anatafuta nyutoni-mita 210, na bolti itakatika kabla hajafika popote.

Sasa uchague ipi? Torki hupangwa kwa kuangalia bolti yenyewe, chuma inamoingia, na kama nyuzi ni kavu au zina kilainishi. Ukirudisha bolti za gari, fuata kitabu cha gari, isipokuwa karatasi ya seti imezitaja bolti hizo na kuzipa torki yake. Ukitumia bolti zilizokuja na seti, fuata karatasi ya seti hata kama tundu ni lile la zamani. Bolti zinazoshika kalipa kwenye breketi mpya ni za seti moja kwa moja. Kitabu cha gari hakizijui. Kitabu kikiandika torki na kufuatiwa na pembe ya kuzungusha, kwa mfano "kisha digrii 90", bolti hiyo kwa kawaida huvutwa mara moja tu, kwa hiyo nunua mpya.

Grisi usipake, ila kama maelekezo yanasema. Sehemu kubwa ya nguvu unayotia kwenye spana huliwa na msuguano wa kichwa cha bolti na wa nyuzi. Karibu asilimia 10 tu ndiyo inayovuta bolti na kubana. Ukipunguza msuguano, torki ile ile inavuta zaidi. Chukua M12 yenye nyuzi zilizoachana milimita 1.25: kwa nyutoni-mita 115 ikiwa kavu, inabana kwa takriban kilonyutoni 48. Ikiwa na mafuta, inafika karibu 64. Bolti ya daraja 10.9 huhimili kama 76 bila kunyooka moja kwa moja, lakini ya 8.8 mwisho wake ni kama 53. Ndiyo maana namba iliyo kwenye kichwa cha bolti ni ya kuangaliwa, na 10.9 haibadilishwi kwa 8.8 eti kwa kuwa inaingia. Gundi ya nyuzi (ya kuzuia bolti isilegee) nayo hulainisha ikiwa mbichi, kwa hiyo itumie pale tu ilipoagizwa, baada ya kusafisha nyuzi na kuondoa gundi ya zamani.

Panapoharibika kazi nyingi ni kwenye urefu wa bolti. Breketi za seti huja na shimu (vipande vyembamba vya kujazia nafasi) za kuiweka kalipa katikati ya diski, na kila shimu unayoongeza inapunguza nyuzi zinazoshika. Kwenye chuma, M12 ishike angalau milimita 12. Kwenye alumini, 18. Ikiwa ndefu mno ni hatari zaidi: bolti inagota mwisho wa tundu, spana ya torki inalia "tak" kwenye torki sahihi, na breketi haijabanwa hata kidogo. Ifunge kwanza kwa mkono bila breketi, hesabu mizunguko hadi igote, kisha linganisha na mizunguko inapofungwa pamoja na breketi na shimu zake. Zungusha pia diski uone ncha ya bolti haiigusi. Rangi nene au kutu kati ya breketi na nako (chuma cha gari kinachoshika breketi) itolewe hadi chuma kionekane, maana rangi husagika polepole na bolti inalegea.

Spana ya torki itumie juu ya asilimia 20 ya uwezo wake, ivute taratibu ukishika mpini, na ukisikia mlio mmoja uache. Mlio wa pili ni torki ya ziada.

Bolti ya banjo inayoleta mafuta ya breki ina tundu ndani, kwa hiyo ni dhaifu kuliko unene wake unavyoonyesha. Weka washa mpya za shaba, moja kila upande wa paipu. Ikivuja baada ya kufikia torki iliyoandikwa, usiongeze nguvu. Fungua, kagua nyuso zinazokutana na ubadilishe washa.

Nati za magurudumu zifunge kwa mpangilio wa nyota, kwa spana ya torki na si mashine ya hewa, kwani kubana kusiko sawa hupindisha diski na usukani hutetemeka ukishika breki. Zirudie baada ya kilomita 80 hadi 100. Bolti za kalipa na breketi zilizotiwa gundi usizirudie kwa spana, maana ukizisogeza gundi iliyokwisha kukauka inavunjika. Zichore mstari wa rangi kutoka kichwani hadi kwenye breketi siku ya kuzifunga. Mstari ukikuta umeachana, toa bolti, safisha nyuzi, tia gundi mpya na ufunge upya kwa torki ya seti.