Usizimwage mbegu za mpapindi

Dada, umeuliza kama uzimwage mbegu zako za mpapindi, mti wa jamii ya mnazi, kwa kuwa mwezi umepita hazijachipua. Mwezi mmoja ni mapema mno kwa mpapindi. Miezi miwili mitatu ni kawaida. Kinachonitia wasiwasi ni ile nyama nyekundu ya tunda uliyosema hukuitoa, maana huoza na kuleta ukungu. Zifukue leo, zisugue kwa mchanga na maji mpaka kokwa itakate. Pasua moja: ndani ikiwa nyeupe na ngumu, ni nzima, ikiwa laini na inanuka, imeoza. Nzima zifukie juu juu kwenye mchanga uliochanganywa na makumbi, kivulini, pasikauke. Juani usizianike kabisa! Mti huu asili yake ni Pemba tu, msitu wa Ngezi hasa, na kila mche tunauhitaji.